Saa Ngapi Hasa? Historia Fupi ya Kuandika Wakati kwa Kiingereza

Leo tuweke msimbo kando kidogo, tuzungumzie jambo ambalo huwasumbua waandishi wa programu, mawakili na wasafiri kwa kiwango kimoja: namna ya kuandika saa na tarehe kwa Kiingereza.

Wengi wetu hapa Kenya tunazungumza Kiswahili kazini lakini tunaandika Kiingereza. Mkataba ni wa Kiingereza. Barua pepe ya mteja ni ya Kiingereza. Tangazo la zabuni, nalo pia, na siku ya mwisho ya kuwasilisha imeandikwa humo. Ukiisoma vibaya, kazi ya miezi miwili inakwenda na maji, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu maandishi yapo. Nimegundua kwamba kanuni nyingi za kuandika wakati kwa Kiingereza, zile tunazofundishwa bila kuambiwa sababu, zilitokana na ugomvi wa kweli. Kuna mtu alikosa treni, kuna mwingine alishindwa kesi, na kuna mwingine nusura urithi umponyoke. Ukiijua historia hiyo, utajua neno lipi ni la kukata na lipi ni la kuacha.

Herufi moja tu

Sandford Fleming alizaliwa Scotland mwaka 1827, akahamia Kanada na kuwa mhandisi mkubwa wa reli. Inasimuliwa kwamba mwaka 1876 alikuwa safarini Ireland, akafika katika kituo cha Bundoran kwa ajili ya treni ambayo kijitabu cha ratiba kilisema inaondoka 5:35 p.m. Kumbe mpiga chapa alikosea. Treni ilikuwa ya 5:35 a.m., na ilikuwa imekwenda zamani. Mhandisi wa reli akabaki kungojea ya kesho yake.

Hebu tulitazame kosa hilo kama waandishi wa programu. Tofauti ya saa 12 nzima ilikuwa imebebwa na herufi moja, "a" au "p". Herufi hiyo ikikosewa, sentensi inabaki sahihi kabisa machoni na hakuna kinachomshtua msomaji. Linganisha na Kiswahili. Sisi tungesema saa kumi na moja na dakika thelathini na tano alfajiri, au jioni. Ni neno zima, na si rahisi kidole kiteleze "alfajiri" igeuke "jioni".

Baadaye Fleming aliandika na kuhutubia sana akitaka mambo mawili: saa za siku zihesabiwe moja kwa moja hadi 24, na dunia igawanywe katika kanda 24 za saa moja moja. Ombi la kwanza wanajeshi na waandalizi wa ratiba wa nchi nyingi walilikubali. Kiingereza cha kila siku hakikulikubali, ndiyo maana hadi leo tunahangaika na a.m. na p.m.

"Noon" ilikuwa saa tisa

Kwa wale ambao hawajawahi kuuliza, a.m. na p.m. ni vifupisho vya Kilatini, ante meridiem na post meridiem. Maana yake ni kabla ya jua kuvuka utosi na baada ya kuvuka. Sasa, jua likiwa papo hapo utosini, ni kabla au ni baada? Si kabla wala si baada. Kwa hivyo "12 a.m." na "12 p.m." ni vitu ambavyo kwa mantiki havipo, lakini watu huviandika kila siku.

Usidhani ni watu wasiosoma wanaokosana hapo. Mwongozo wa uandishi wa ofisi ya uchapaji ya serikali ya Marekani ulikuwa ukisema 12 a.m. ni adhuhuri na 12 p.m. ni usiku wa manane. Katika toleo la mwaka 2008 ukageuka na kusema kinyume chake. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, inashauri watu wavikwepe vyote viwili na kuandika "noon" au "midnight". Hata "midnight" peke yake ina shida, kwa kuwa kila siku ina usiku wa manane mara mbili, mmoja mwanzoni na mmoja mwishoni. Ndiyo sababu hati nyingi za bima huko Marekani huanza saa 12:01 a.m. Dakika moja tu, na ubishi umekwisha.

Neno "noon" lenyewe lina kisa kitakachokufurahisha ukiwa Mswahili. Limetokana na Kilatini nona hora, yaani saa ya tisa. Warumi waligawanya mchana katika saa 12 kuanzia jua linapochomoza, karibu kabisa na sisi tunavyofanya. Kwao saa ya tisa ilikuwa katikati ya alasiri, ile ambayo saa ya Kiingereza inaiita 3 p.m. Sala za watawa za saa ya tisa zilisogezwa polepole kuelekea mchana, na jina likasogea pamoja nazo hadi likatua kwenye saa sita. Kwa hivyo Mwingereza akisema "noon" anatamka "tisa" bila kujua, huku saa yake ikionyesha 12 na yetu ikiwa saa sita :-)

Ndiyo maana pia msomaji wa Biblia ya Kiswahili akikuta kwamba giza lilitanda kuanzia saa sita hadi saa tisa siku ya kusulubiwa Yesu, anaelewa papo hapo. Anayesoma tafsiri za zamani za Kiingereza anakuta saa ya sita na saa ya tisa, kisha inabidi aelezwe kwamba maana yake ni adhuhuri na saa 3 p.m.

Reli, mahakama na sheria ya 1880

Zamani kila mji wa Uingereza ulikuwa na saa yake kulingana na jua lake. Dunia inazunguka digrii 1 kila dakika 4, kwa hivyo mji ulio magharibi ya London uko nyuma kidogo. Bristol ilikuwa nyuma kwa takriban dakika 10. Mtu akisafiri kwa farasi, dakika 10 si kitu. Reli ilipokuja, dakika 10 ikawa ni kuachwa na treni, au treni mbili kukutana uso kwa uso katika njia moja.

Kampuni ya Great Western Railway ilianza kutumia saa ya London katika vituo vyake vyote mwaka 1840, na mwaka 1847 chombo kilichoyaunganisha mashirika ya reli kikapendekeza yote yafuate saa ya Greenwich. Lakini miji haikukubali mara moja. Saa iliyo kwenye jengo la Corn Exchange mjini Bristol ina mishale miwili ya dakika, mmoja wa saa ya mji na mwingine wa saa ya London. Ipo hadi leo.

Mgongano ulifika mahakamani. Mwaka 1858, katika kesi ya Curtis dhidi ya March, shauri lilipangwa kusikilizwa saa 10 za Kiingereza asubuhi mjini Dorchester. Hakimu aliketi saa ya mahakama ilipofika 10. Mshtakiwa hakuwepo, akahukumiwa kushindwa. Punde akaingia na kulalamika kwamba kwa saa ya mji bado 10 haijafika. Saa ya mahakama ilifuata Greenwich, ilhali Dorchester iko nyuma ya Greenwich kwa karibu dakika 10. Rufaa iliposikilizwa, majaji wakamkubalia: "saa 10" bila maelezo zaidi ni saa 10 za mahali hapo.

Fikiria maana yake. Kwa zaidi ya miaka 20 baadaye, nchi ilikuwa inaendeshwa kwa saa ya Greenwich huku sheria ikisema saa halali ni ya jua la mji wako. Kila mkataba na kila tangazo lenye saa lilikuwa na shimo ndani yake. Bunge la Uingereza liliziba shimo hilo mwaka 1880 kwa sheria fupi sana. Ilisema kwamba neno lolote la wakati likionekana katika sheria, hati au mkataba, na isipoelezwa vingine, maana yake ni saa ya Greenwich katika Uingereza kuu, na saa ya Dublin katika Ireland. Kwa lugha yetu ya kazi, Bunge liliweka thamani ya kigezo kinapoachwa wazi.

Reli za Marekani na Kanada nazo zilianza kutumia kanda za saa tarehe 18 Novemba 1883. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Fleming akiwemo, na nchi 22 zikapiga kura mstari wa kuanzia hesabu ya dunia upite Greenwich. San Domingo ilipinga, Ufaransa na Brazil hazikupiga kura.

Sisi tulirithi mfumo huo kwa njia yenye kona. Kwa jua lake, Nairobi iko mbele ya Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde kama 16. Katika enzi ya ukoloni kuna miaka ambayo saa rasmi ya Kenya ilikuwa mbele kwa saa 2 na dakika 30, na mingine kwa saa 2 na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa 3 kamili. Ukiwahi kuona programu ya Python ikidai kwamba Nairobi iko +02:27, usidhani tarakilishi imerogwa. Imechukua mstari wa kwanza katika hifadhidata ya kanda za saa, ule wa jua la Nairobi kabla ya saa rasmi kuwepo.

Kwa sababu saa yetu rasmi ni ya mstari ulio mashariki zaidi, jua la Nairobi huvuka utosi baada ya saa 12:15 za Kiingereza kila siku ya mwaka. Ukiandika "12:10 p.m." ukiwa Nairobi, kwa maana halisi ya Kilatini umesema uongo. Lakini umeeleweka, na hilo ndilo muhimu. Maneno ya wakati yaliacha kuelezea jua zamani. Siku hizi yanaelezea makubaliano.

Siku 11 zilizofutwa

Ukiwa na Linux au Mac, fungua dirisha la amri na uandike cal 9 1752. Utaona Septemba ya ajabu: tarehe 1, 2, halafu 14. Hiyo si hitilafu. Mwaka huo Uingereza na makoloni yake waliacha kalenda ya Juliasi na kufuata ya Gregori, na Jumatano tarehe 2 Septemba ikafuatwa na Alhamisi tarehe 14.

Sheria hiyo hiyo ilibadilisha pia siku ya mwaka mpya. Kabla ya hapo, kisheria, mwaka wa England ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hivyo tarehe ya Februari ilihesabiwa katika mwaka uliotangulia. George Washington alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, ambayo kwa hesabu mpya ni 22 Februari 1732. Waandishi wa wakati huo walikuwa na busara. Waliandika mwaka kwa namna mbili, 1731/32, wakimwachia msomaji asiwe na shaka. Ni herufi chache zaidi, lakini zilikuwa na kazi.

Mpangilio wa siku na mwezi ni ugomvi mwingine. Waingereza walitulia kwenye siku kisha mwezi, Wamarekani wakatulia kwenye mwezi kisha siku, kama tarehe ya tangazo lao la uhuru, July 4, 1776. Mwezi ukiandikwa kwa jina hakuna tatizo lolote. Tatizo huja ukiandikwa kwa nambari. Shambulio la bomu la Nairobi lilitokea tarehe 7 Agosti 1998. Mkenya anaandika 7/8/98. Mmarekani anaandika 8/7/98, na Mkenya akiiona hiyo anasoma 8 Julai. Mtu anayetafuta taarifa za msiba huo katika kumbukumbu za nchi mbili lazima alijue hilo, la sivyo atatafuta mwezi usio wake. Saba Saba pekee ndiyo iko salama, maana 7/7 ni ile ile kokote.

"Month" ni siku ngapi?

Swali linaonekana la kitoto, lakini katika sheria ya kawaida ya Uingereza neno "month" lilikuwa na maana ya siku 28, mwezi wa mwandamo. Aliyetaka mwezi wa kalenda ilibidi aandike "calendar month". Bunge lilibadilisha hilo kwa sheria zake mwaka 1850, na kwa hati za watu na mikataba kwa ujumla mwaka 1925. Kwa hivyo ukiona mkataba wa zamani umeandika "calendar month" usimcheke mwandishi kwamba anarundika maneno. Wakati wake neno hilo lilikuwa na thamani ya siku mbili au tatu kila mwezi.

Halafu kuna swali la kuanzia kuhesabu. Mwaka 1808 kesi ya Lester dhidi ya Garland iliamuliwa na jaji Sir William Grant. Wosia ulitaka hati fulani itolewe ndani ya miezi sita ya kalenda baada ya mwenye mali kufariki, la sivyo mgao ungekwenda kwingine. Hati ilitiwa sahihi katika tarehe inayolingana na ile ya kifo, miezi sita baadaye. Ukiihesabu siku ya kifo, imechelewa kwa siku moja. Usipoihesabu, imewahi. Jaji aliamua siku ya tukio haihesabiwi, na urithi ukapona.

Kanuni hiyo ilivuka bahari. Sheria yetu ya Kenya ya kufasiri sheria, Sura ya 2 katika kifungu cha 57, inasema siku ya tukio haihesabiwi pia. Wale mnaoandika programu za kukokotoa siku za mwisho za rufaa au malipo, ile +1 mnayobishania ina umri wa zaidi ya miaka 200.

Tarakilishi zaingia

Mashine ilipokuja, haikuweza kukisia kama binadamu. Mfumo wa Unix ulikwepa lugha kabisa. Unahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 saa sifuri za UTC. Lakini barua pepe husomwa na watu, na kanuni yake ya mwaka 1982, RFC 822, ilitumia majina ya Kiingereza ya miezi na mwaka wa tarakimu mbili. Mwaka 1989 RFC 1123 ikahimiza tarakimu nne, na miaka kumi baadaye dunia nzima ilikuwa inakesha kwa hofu ya Y2K kwa sababu ya tarakimu hizo mbili zilizookolewa.

Mwaka 1988 kiwango cha ISO 8601 kilitoa mpangilio mmoja: mwaka, mwezi, siku, kama 1988-06-15. Hakuna nchi kubwa inayozungumza Kiingereza yenye mazoea ya kuandika mwaka, siku, kisha mwezi, kwa hivyo hakuna wa kuusoma kinyume. Tena majina ya faili yakipangwa kialfabeti yanajipanga kwa tarehe. Mwaka 2002 RFC 3339 ikaupunguza kiwango hicho kwa matumizi ya intaneti.

Basi tuandikeje?

Kutokana na historia hiyo yote, hizi ndizo kanuni ninazofuata.

1. Kata neno linalorudia bila kuongeza habari. "7 a.m. in the morning" inatosha kuwa "7 a.m." "For a period of three weeks" ni "for three weeks". "At this point in time" ni "now". "On a daily basis" ni "daily".

2. Andika mwezi kwa jina ukimwandikia mtu, na kwa mpangilio wa ISO ukiiandikia mashine. Usiandike 4/7 popote.

3. Epuka 12 a.m. na 12 p.m. Andika "noon", au tumia 11:59 p.m. pamoja na tarehe.

4. Tofautisha "by" na "until". Sisi tuna "hadi" inayobeba yote mawili, ndiyo maana Waswahili wengi huandika "submit until Friday". "By Friday" ni jambo litendeke mara moja kabla ya hapo kupita. "Until Friday" ni jambo liendelee mpaka hapo. Na kama pesa zinahusika, malizia ubishi kabisa: "no later than 5 p.m."

5. Usitumie "biweekly". Kamusi zenyewe zinatoa maana mbili, mara mbili kwa wiki na mara moja kila wiki mbili. Andika "twice a week" au "every two weeks".

6. Taja kanda kwa nambari. IST huenda ni India, Israel au Ireland. "UTC+3" ni moja tu.

7. Ukitafsiri kutoka Kiswahili, geuza saa kabla ya kugeuza maneno. "Kesho saa nne asubuhi" ni "10 a.m. tomorrow". Hesabu ni sita, kuongeza au kupunguza.

Kuna jambo moja linalopingana na kanuni ya kwanza. Ukiandika "Friday 12 June 2026", neno "Friday" halihitajiki, kwa kuwa kalenda inaweza kulitoa. Mimi siliondoi. Nikikosea na kuandika 13, msomaji ataona kwamba tarehe 13 ni Jumamosi, ataniuliza, na kosa litakamatwa kabla halijamgharimu mtu. Ni sawa na ile tarakimu ya ukaguzi mwishoni mwa nambari ya kadi ya benki.

Kwa hivyo uandishi mfupi hauna maana ya kukata kila kinachokatika. Kata marudio yasiyosema kitu, na uyabakize yale yanayomsaidia msomaji kugundua kosa lako. Ratiba ya Bundoran ilikuwa fupi sana. Neno moja zaidi, "evening" au "morning", lingetosha mpiga chapa kulitilia shaka.